Mwezi Gani, Dakika Gani: Shaba na Radi za Likasi

Mwaka 1953 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitoa majedwali ya siku za radi katika vituo vya pande zote za dunia. Kanuni yake ilikuwa nyepesi kuliko mtu anavyotegemea kwa shirika lenye jina zito namna hiyo: siku ya radi ni siku ambayo mtu wa zamu kituoni amesikia ngurumo. Ikinguruma mara moja alasiri, ni siku moja. Ikinguruma kutwa kucha hadi watoto wajifiche uvunguni, ni siku moja vilevile. Chombo kilikuwa sikio, na sikio halipati ngurumo iliyo mbali zaidi ya kilomita 15 au 20. Naliweka jambo hili mbele kwa sababu habari za radi katika Afrika ya kati husimuliwa kana kwamba kulikuwa na sayansi ya vyombo upande mmoja na maneno ya wenyeji upande wa pili. Kwa mvua, sawa, kulikuwa na chombo. Kwa radi, mpaka satelaiti zilipofika mwishoni mwa karne iliyopita, pande zote mbili, kwa sehemu kubwa, zilikuwa zikitega sikio. Kilichozitofautisha ni daftari: nani aliandika, na aliandika nini.

Mji ninaoutumia kulipima dai hili ni Likasi, mji wa shaba na kobalti katika Haut-Katanga, kama kilomita 120 kaskazini-magharibi ya Lubumbashi, uliobeba jina la Jadotville chini ya Wabelgiji hadi ulipobadilishwa jina mwaka 1966. Uko kwenye nyanda za juu, karibu mita 1,300 kutoka usawa wa bahari. Kuanzia Mei hadi Septemba hauoni mvua, kisha Oktoba mawingu yanaanza kujikusanya, na kati ya Novemba na Machi karibu kila alasiri ina uwezekano wa kupasuka. Hoja yangu ni kwamba Likasi haikukosa watu wa kufuatilia radi. Iliwakosa waandishi wao. Aliyeuliza kwa dhati radi inakuja lini hakuwa mtu mwenye nafasi ya kushangaa mawingu, bali mtu wa shaba. Na kila shaba ilipobadilisha namna ya kupatikana, swali nalo lilibadilika, kutoka mwezi gani mpaka dakika gani.

Msomaji atasema kwamba kufuatilia radi ni burudani ya Wamarekani. Ni kweli kwamba huko, katika miaka ya 1950, watu kama Roger Jensen na David Hoadley walianza kuendesha magari kwenye tambarare za kati wakizifukuza dhoruba kwa mapenzi tu, na kwamba mwaka 1977 Hoadley alianzisha jarida la wenzake wa shauku hiyo, Storm Track. Lakini burudani ile ilihitaji gari, petroli, barabara zilizonyooka na ramani ya hali ya hewa ya asubuhi ile ile. Likasi, dhoruba haifukuzwi. Inachemka yenyewe juu ya vilima saa nane mchana na saa kumi iko juu ya paa lako. Mahali ambapo radi inamjia mtu, ujuzi wake ni wa kungoja, na anayengoja huwa ana kazi mikononi.

Kazi hiyo ilikuwapo kabla ya reli na kabla ya kampuni. Jean-Félix de Hemptinne, mmisionari Mbenedikto aliyekuwa mkuu wa Kanisa Katoliki Katanga, aliandika mwaka 1926 makala kuhusu watu aliowaita wala-shaba wa Katanga, yaani Wasanga na majirani zao waliochimba malakiti, lile jiwe la kijani, na kuliyeyusha kwa mkaa. Kalenda yao ilikuwa wazi. Mtama ukishavunwa, mwanzoni mwa kiangazi, watu walihamia kambini karibu na machimbo; mvua za kwanza zilipokaribia, kazi ilikoma. Tanuri lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, likapulizwa kwa mivukuto ya ngozi, na shaba ikamiminwa kwenye kalibu za umbo la msalaba. Hakuna hata kitu kimoja katika orodha hiyo kinachostahimili mvua. Shimo linajaa maji na kingo zake zinalegea, mkaa unalowa, tanuri linalowaka likipigwa na maji linapasuka. Mikono iliyokuwa ikivuta mivukuto ilikuwa ndiyo hiyo hiyo inayongojwa shambani kupanda.

Kwa hiyo tarehe ya mvua ya kwanza ilikuwa na bei. Aliyefunga kambi mapema aliacha shaba ardhini; aliyechelewa alipoteza tanuri na kuchelewa kupanda. Naweza kupingwa hapa kwamba kujua majira si sawa na kufuatilia radi, kwani kila mkulima anajua majira. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu mahali ambapo mvua huanza kwa manyunyu. Katanga haianzi hivyo. Mwezi Septemba na Oktoba hewa kavu ya kusini-mashariki bado inatawala, huku hewa yenye unyevu wa bonde la Kongo ikisogea kutoka kaskazini-magharibi, na zinapokutana juu ya ardhi iliyochomwa na jua kwa miezi mitano, mawingu hupanda wima. Mvua ya kwanza kwa kawaida ni radi: upepo wa ghafla, vumbi, umeme, maji ya nusu saa, kisha pengine siku nyingi za ukavu kabla mvua hazijatulia. Kumtaka mtu wa tanuri aijue mvua ya kwanza ni kumtaka aijue dhoruba.

Si kila dalili inayosifiwa ilikuwa na faida, na hapa sikubaliani na wale wanaopokea kila neno la jadi kama utabiri. Miti ya miombo hutoa majani mapya mekundu Agosti na Septemba, wiki kadhaa kabla ya tone lolote, kwa maji iliyoyahifadhi. Ni dalili nzuri kwa macho na mbovu kwa tarehe. Kumbikumbi wanaruka ardhi ikishalowa, kwa hiyo wanathibitisha yaliyokwisha kutokea. Uyoga mkubwa wa vichuguu, ambao kofia yake yaweza kufika upana wa karibu mita moja, nao ni habari ya jana. Dalili yenye thamani ni upepo: kugeuka kwake, kulegea kwake, unyevu unaoingia usiku na kuufanya ukungu wa moshi wa nyika uwe mzito. Na mtu anayekaa kutwa mbele ya tanuri ana chombo cha upepo kisichodanganya, yaani moshi wake mwenyewe. Moshi uliokuwa ukilalia upande mmoja tangu Juni, ukianza kusimama wima au kugeuka alasiri, unaonekana na kila aliyepo kambini bila kuambiwa.

Ujuzi huu ulikuwa wa mahali pake na haukusafiri. Msafara wa William Stairs ulioondoka pwani katikati ya mwaka 1891, na wapagazi wengi walioajiriwa Zanzibar, ulifika Bunkeya, makao ya mfalme Msiri kaskazini mwa Likasi ya leo, tarehe 14 Desemba. Siku sita baadaye Msiri alikuwa ameuawa. Historia ya siasa ya tukio hilo imeandikwa mara nyingi. Historia ya hali yake ya hewa haijaandikwa vya kutosha. Waliingia katikati ya mvua, ghala zikiwa tupu, na wiki zilizofuata njaa na magonjwa viliwaua watu wengi wa msafara. Wazanzibari wale walitoka mahali ambapo kaskazi na kusi zimegawa mwaka barabara kiasi kwamba nahodha hupanga safari kwa kuzitazama. Kalenda yao haikuwafaa kitu. Stairs alikuwa mhandisi wa kijeshi mwenye saa na vipimo, na vyombo vyake havikumwambia kwamba alipaswa kufika miezi minne mapema.

Kisha vikaja vyombo. Charles Lemaire, aliyeongoza msafara wa kisayansi Katanga kati ya 1898 na 1900, alirudi na vipimo vya nyota, sumaku na hewa. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa 1906, reli kutoka kusini ikafika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910 na Kambove, jirani ya Likasi, 1913, na popote penye misheni, shamba au mgodi pakawekwa kipimamvua: mkebe wa chuma, faneli, na glasi yenye mistari. Kila asubuhi mmisionari, karani au mfanyakazi alimimina maji ya siku iliyopita kwenye glasi, akasoma, akaandika. Sitaki kuidharau kazi hiyo. Bila mikebe ile Franz Bultot asingeweza kuchapisha, kati ya 1971 na 1977, atlasi ya tabianchi ya bonde la Kongo ambayo hadi leo ni msingi wa kila anayetaka kujua mvua ilikuwaje kabla ya vituo kufa. Wanaosema ukoloni haukuacha elimu yoyote ya hewa wanasema uongo.

Lakini tazama kinachobaki baada ya kusoma mkebe mara moja kwa siku. Milimita 50 zilizomwagika kwa dakika 40 saa kumi jioni, zikabomoa kuta na kuua mtu chini ya mti, zinaandikwa 50. Milimita 50 zilizonyesha taratibu tangu magharibi mpaka alfajiri, zikanywewa na mahindi bila hasara, zinaandikwa 50. Mkebe unafuta dhoruba na kubakiza maji. Vituo vikubwa vilikuwa na vyombo vinavyochora mvua saa kwa saa, lakini vituo vingi vilikuwa na mkebe na mtu, na mtu yule aliulizwa kiasi, hakuulizwa wingu lilitokea upande gani, lilianza saa ngapi, liligonga wapi. Pengine aliyajua yote hayo, maana alikuwa pale. Fomu haikuwa na nafasi ya kuyaweka.

Ajabu ni kwamba wakati huo huo kampuni iliyochangia mikebe hiyo ilikuwa imejiingiza kwenye swali jipya kabisa la radi. Wala-shaba walikuwa na jibu la busara kwa dhoruba: walisimamisha kazi hadi Mei. Kiwanda hakisimami hadi Mei. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilijenga Shituru, pembeni mwa mji, kiwanda cha kutoa shaba kwa umeme, na mwaka 1930 mtambo wa Mwadingusha ukaanza kazi kwenye mto Lufira, mashariki, kwenye maporomoko yaliyopewa jina la mwanajiolojia Jules Cornet. Bwawa lake ndilo ziwa Tshangalele. Kutoka huko nyaya zilivuka vilima hadi mjini, na waya mrefu kwenye kilele cha kilima, katika nchi ya radi, hauhitaji maelezo. Radi ikipiga nyaya au karibu nazo, msukumo wa umeme unakimbia pande zote mbili na swichi kubwa zinakata ili kuokoa mitambo. Ndani ya kiwanda, katika mabirika ya asidi, mabamba yananing'inia na shaba inaganda juu yake kidogo kidogo kwa nguvu ya mkondo. Mkondo ukikatika, asidi haikai kimya: shaba iliyokwisha kuganda huanza taratibu kuyeyuka na kurudi majini. Kila dakika ya giza ni kazi inayofumuliwa.

Hapo ndipo swali lilipotoka kwenye mwezi likaingia kwenye dakika. Tena lilikuja na kinyume ndani yake, maana bwawa liliitaka mvua ile ile ambayo nyaya ziliiogopa. Wingu moja la Januari lilikuwa mtaji juu ya Lufira na hasara juu ya Shituru, na kampuni ilikuwa moja. Sijui kama yuko mtu mwingine katika eneo hili aliyewahi kulitazama wingu kwa macho mawili namna hiyo, labda mchoma matofali mwenye shamba la mahindi.

Mgodini dakika zilikuwa na uzito zaidi. Katika machimbo ya wazi ya ukanda huu wa shaba mwamba hupasuliwa kwa baruti, na fataki zinazowashwa kwa umeme zinaweza kulipuka zenyewe radi ikipiga jirani, bila mtu kubonyeza chochote. Kwa sababu hiyo ni kanuni ya uchimbaji duniani kote kwamba dhoruba ikikaribia, kutega baruti kunasimama na watu wanaondolewa. Lakini inakaribia kiasi gani? Hesabu ni ya kale: sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kila sekunde 3 kati ya mwako na ngurumo ni kilomita 1. Sekunde 30, kilomita 10. Sekunde 20, wingu linakuja. Redio nayo ilisaidia, kwa kuwa mkwaruzo wa masafa ya kati husikika kabla ya ngurumo yenyewe. Aleksandr Popov alikuwa ameshaonyesha mwaka 1895, huko Urusi, kwamba radi inaweza kukamatwa kwa waya kabla redio haijawa redio. Mtu aliyekaa ukingoni mwa shimo akihesabu kimoyomoyo, jicho kaskazini-magharibi, alikuwa akifanya kipimo sahihi kuliko neno moja kwenye safu ya siku za radi.

Nakuja kwenye pingamizi zito. Wako wanaosema masikio ya wenyeji hayawezi kuaminiwa, kwa kuwa watu wa Kongo wengi huamini kwamba radi inaweza kutumwa na adui. Ushahidi wa imani hiyo si wa kutafuta. Oktoba 1998 gazeti la L'Avenir la Kinshasa liliripoti kwamba radi iliua wachezaji wote 11 wa timu moja uwanjani huko Kasai, wapinzani wao wasiguswe, na mara moja watu wakaanza kutafuta mchawi. Lakini imani kuhusu aliyetuma haiharibu ujuzi kuhusu kilichotumwa. E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha 1937 juu ya Wazande, alieleza ghala linaloanguka juu ya watu waliokaa kivulini: Wazande walijua vizuri kwamba mchwa umekula nguzo, ila walitaka pia kujua kwa nini lilianguka wakati hasa wale watu wapo chini yake. Swali la pili halikulifuta la kwanza. Mtu wa Likasi anayeamini radi ilitumwa bado anakumbuka ilipiga mti gani, saa ngapi, na wingu lilitoka upande gani. Kwa kweli anakumbuka zaidi, kwa sababu tukio limebeba maana. Karani asiyeamini lolote aliandika milimita na kwenda kunywa chai.

Kuna dai jingine ambalo mtu anaweza kulileta, kwamba vilima hivi hupigwa kwa sababu madini yaliyomo yanaivuta radi. Linapendeza katika nchi ambako vilima vyenye shaba hujulikana kwa kukosa miti. Halina msingi mkubwa. Radi huchagua pa kupiga katika makumi ya mwisho ya mita, na huangalia kilicho juu: kilele, mnara, mti uliosimama peke yake, nguzo ya nyaya. Jiwe la kijani lililo mita nyingi chini haliulizwi. Shaba inayofanya kazi katika jambo hili ni ile iliyokwisha kutolewa, waya wa kupeleka radi ardhini, na katika miaka ya karibuni waya huo umekuwa adimu kwenye mitandao ya Katanga kwa kuwa wezi wanajua bei yake.

Historia ya mji yenyewe inaonyesha mara mbili nini hutokea watu wanapokutwa upande usiofaa wa kalenda. Tarehe 13 Septemba 1961 wanajeshi wa Ireland wa Umoja wa Mataifa, kama 155, walizingirwa Jadotville na majeshi ya Katanga iliyojitenga. Walipigana siku tano, na kiu ikawa miongoni mwa vilivyowashinda. Maji yaliyoletwa kwa helikopta yalikuwa kwenye madebe yaliyokuwa na petroli na hayakunyweka. Septemba ndio mwisho wa ukavu. Wiki chache baadaye kila turubai lingekinga maji, ingawa bila shaka mahandaki nayo yangejaa. Upande wa pili ni wa 1992, Wakasai walipofukuzwa majumbani mwao na maelfu wakakaa uwanjani kwenye kituo cha reli cha Likasi wakingoja treni za kwenda kwao, kuanzia mwisho wa kiangazi na kuingia katika mvua. Kwa aliyelala na watoto chini ya nailoni, kujua kama wingu lile la saa tisa litapasuka hapa au litapita Kambove hakukuwa shauku ya elimu.

Siku hizi radi inahesabiwa kutoka angani. Utafiti wa 2016, uliotumia miaka 16 ya picha za satelaiti TRMM, ulilipa ziwa Maracaibo la Venezuela nafasi ya kwanza duniani kwa miako 233 kwa kilomita ya mraba kwa mwaka, na Kabare ya Kivu Kusini nafasi ya pili kwa 205. Katanga haishindani na Kivu, na haihitaji kushindana. Tarehe 13 Desemba 2022 ikarushwa satelaiti ya Ulaya, Meteosat ya kizazi cha tatu, yenye jicho la umeme linalopiga picha 1,000 kwa sekunde na kuifunika Afrika yote. Mtu anaweza kusema basi mjadala umekwisha, sikio listaafu. Sioni hivyo. Jicho lile haliutenganishi umeme unaobaki ndani ya wingu na ule unaogonga ardhi, na kila doa lake ni la kilomita nne na nusu au zaidi. Mwadingusha imekarabatiwa, turbini zake 6 zikarudi kazini kikamilifu mwaka 2021 kwa megawati 78 hivi, lakini nyaya bado zinapita juu ya vilima vile vile. Msimamizi wa baruti bado anahitaji kujua yaliyomo ndani ya hizo kilomita nne na nusu, na bado anahesabu sekunde.

Akisimamisha kazi huandika, kwa sababu mwajiri atamuuliza zamu ilipotelea wapi: kazi imesimama, radi, kuanzia saa fulani mpaka saa fulani. Fundi wa umeme naye, swichi ikikata, huandika saa na sababu. Safu hiyo ya sababu za kusimama ina kitu ambacho mkebe haukuwa nacho na jedwali la siku za radi halikuuliza, yaani saa ya kuanza na saa ya kwisha. Anayetaka kuandika historia ya radi za Likasi aanze kutafuta huko, katika madaftari ya zamu ya Shituru, Kambove na Mwadingusha, popote yatakapokuwa hayajaliwa na mchwa.